Honi ya Kushoto

Pikipiki yangu ilikuwa na tabia moja: ukikata kushoto, inapiga honi. Si kila kushoto. Ukiwa kwenye mwendo, kona unailalia tu na usukani hausogei sana, basi inapita kimya kama haikujui. Shida ilikuwa kona za polepole. Za kuingia getini, za kupenya kwenye baraza la wazee wanaocheza bao, za kuzunguka msikitini watu wako rakaa ya pili. Hapo ndipo ilipotoa sauti yote.

Niliinunua Makorora, hapa hapa Tanga, kwa laki nane na nusu. Ya Kijapani, cc 125, na kilomita zake zilikwama zamani kwenye 61,204, nadhani hata yenyewe ilichoka kuhesabu. Muuzaji alikuwa mtu muungwana, alinionyesha kovu moja moja. Nikaifikisha nyumbani na kuanza kuirekebisha mwenyewe, maana mimi ni mwalimu wa sayansi, darasa la sita, na somo la umeme nalifundisha kila mwaka kwa betri, balbu na kipande cha waya. Fyuzi ya ampea 10 niliikuta imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nikaitupa, nikaweka mpya. Nyaya zilikuwa zinaning'inia chini ya usukani kama matumbo ya samaki. Nikazikusanya, nikazifunga shingoni kwa tai nne za plastiki, nikazivuta kwa koleo mpaka zikalia kwii. Nikafuta vioo. Ikapendeza.

Wiki ya tatu ndiyo honi ikaanza.

Mwanzoni niliishi nayo. Mitaa ya Ngamiani imepangwa kama daftari la hesabu, barabara za namba zimenyooka na nyingine zinazikata, kwa hiyo nikitaka kwenda kushoto nilipita mtaa mmoja mbele, nikakata kulia, tena kulia, tena kulia, nikatokea nilikotaka. Petroli ilikwenda, heshima ikabaki. Ila watoto wa mtaani wana akili kuliko tunavyowafundisha. Ndani ya siku nne walishanijua, na siku nikijisahau honi ikalia, utasikia kutoka uani: "Mwalimu kakata kushoto!"

Nikaenda kwa fundi wa kwanza. Hakugusa kitu. Aliitazama kwa jicho moja akasema betri imechoka, na umeme ukichoka unatafuta pa kupumzikia. Nilijua hilo halimo katika kitabu chochote, lakini alilisema kwa sauti ya upole sana. Elfu arobaini na tano. Jioni nikaazima mita shuleni nikaipima ile betri ya zamani: volti 12.7. Nzima kuliko mimi.

Fundi wa pili alikuwa na mita yake mwenyewe, nikampa heshima zangu zote. Akawasha injini, akavuta mafuta, akasoma 14.2, akatikisa kichwa kama daktari. "Zimezidi, mwalimu. Honi inalewa." Akauza regyuleta, kile kifaa cha kuzuia chaji isizidi. Tulipoifunga na kupima tena, ikasoma 14.2. "Unaona?" akaniambia. Sikuona, lakini nikalipa. Pikipiki ya volti 12 ikiwa inachaji vizuri husoma hapo hapo, na hilo nililijua kabla sijatoka nyumbani. Sijui kwa nini ukiwa umechuchumaa mbele ya mtu mwenye bisibisi elimu yote inakutoka.

Fundi wa tatu ndiye aliyenimaliza. Huyu alisema honi inalia ovyo kwa sababu haishibi. Umeme wake unapita kwenye swichi ya funguo, unafika umepungua, basi inalalamika. Dawa yake: waya mpya moja kwa moja kutoka kwenye betri, na honi yenyewe ibadilishwe, iwekwe ile ya gari, ya konokono. Ilipolia kwa majaribio, muuza machungwa upande wa pili wa barabara alidondosha kisu. "Sasa imeshiba," fundi akasema. Geti lake lilitokea kulia, kwa hiyo sikujaribu lolote, nikaondoka nimeridhika.

Nilikuwa nakwenda msibani Chumbageni. Mwalimu mwenzangu alikuwa amefiwa na baba yake, na nilikuwa nimechelewa kwa ajili ya huyo huyo konokono. Turubai limefungwa barabarani, wanaume wamekaa kwenye mikeka na viti, kanzu nyeupe tupu, shekhe ameshaanza kusoma. Nikaja polepole, kwa adabu, nikaona nafasi kando ya ukuta. Upande wa kushoto.

Nikakata.

Watu hawakugeuka, waliruka. Nikapeleka mkono kwenye funguo haraka, nikazima. Injini ikafa, honi ikaendelea. Nikachomoa funguo kabisa nikaishika mkononi kama ushahidi. Honi ikaendelea. Ndipo nikakumbuka: moja kwa moja kutoka kwenye betri. Nikageuza usukani kulia. Kimya. Shekhe alinitazama, akameza mate, akaendelea pale alipoishia.

Sasa sikilizeni mtego wenyewe. Pikipiki hii haina stendi ya kati, ilishang'oka kabla sijaikuta. Ina ya pembeni tu, na ya pembeni inailaza kushoto. Na pikipiki ikilala kushoto, usukani nao unaanguka kushoto, wenyewe, bila kuombwa. Kwa hiyo sikuweza kuuachia. Nikasimama pale juani, wenzangu wamekaa, mimi nimeshika usukani kwa mikono miwili kama nahodha.

Mfiwa akaniona. Akainuka, masikini, akaja kunipa mkono. Nikashikilia usukani kwa mkono wa kushoto, nikampa wa kulia. "Pole sana, mwalimu mwenzangu." "Tumeshapoa. Karibu ukae." "Hapa panatosha." "Kaa kwenye kivuli basi." "Nimezoea kusimama." Akanitazama, macho yakamlenga machozi, akanikumbatia. Alidhani majonzi yamenizidi. Nami nilimkumbatia kwa mkono mmoja.

Ningeweza kuvumilia hivyo mpaka mwisho. Lakini shekhe akafika kwenye dua, akasema tunyanyue mikono.

Watu mia moja wakanyanyua. Mimi nikanyanyua mmoja. Mtoto mdogo aliyekaa mbele yangu akanigeukia, akaangalia mkono wangu uliobaki, akaniangalia usoni, hakuondoa macho. Nikaona aibu kwa Mungu na kwa mtoto. Nikauzuia usukani kwa goti, nikanyanyua na wa pili. Goti likahimili "Allahumma" ya kwanza. Ya pili likateleza.

Safari hii sikuhitaji kufanya kitu. Mzee mmoja wa kanzu na koti kuukuu alikuwa ameshafika, akapiga magoti mbele ya pikipiki, akaingiza mkono chini ya taa na kuchomoa waya. Konokono akakata roho. Dua ikaitikiwa, tena kwa nguvu kuliko kawaida.

Watu walipotawanyika nikamfuata mzee, nikamwamkia. "Marahaba," akajibu, ameshachungulia shingoni mwa pikipiki. Alikuwa fundi umeme wa reli, amestaafu. Akaomba kikatia kucha, akakata tai ya kwanza ya plastiki, akanionyesha waya mmoja uliochunika ganda mpaka shaba inang'aa.

"Nani alizifunga hizi?"

"Zilikuwa zinaning'inia, mzee."

"Zinatakiwa ziwe na ulegevu. Ukikata kushoto zinavutika, huyu anasugua bodi. Honi ina umeme muda wote. Kitufe kazi yake ni kuipa ethi tu, njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Sasa waya wa kitufe ukigusa bodi, si umeshabonyeza?"

"Lakini fyuzi haikuungua hata siku moja."

"Itaungua kwa lipi? Umeme unapita kwanza kwenye honi, ndipo unafika kwenye bodi. Hii si shoti, bwana. Umejitengenezea kitufe cha pili, hapa shingoni." Akaniangalia vizuri. "Wewe si ndiye unayemfundisha mjukuu wangu sayansi?"

Nikamwambia mwalimu wa sayansi ni mwingine.

Pesa alikataa, akataka nimfikishe kwake tu. Tukaenda, nyuma kanzu inapepea. Tulipofika kwenye uchochoro wa kwao akasema, "Kata kushoto." Mwili ukanikaza. Nikakata, taratibu, usukani wote. Kimya. Nikataka kulia kwa furaha. Mbele yetu mbuzi amelala katikati ya njia, wala hana habari.

"Mpigie honi huyo," mzee akasema.

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena.

"Mzee, hailii."

"Italiaje? Nimechomoa, sijatengeneza. Kesho uje na tepu."

Mbuzi hakusogea. Nikainamisha kichwa mbele, nikampigia honi kwa mdomo.