Laiti Tungetunzwa Kama Uyoga

Wazungu wa maofisini wakifichwa mambo husema wanatunzwa kama uyoga: wanawekwa gizani, wanalishwa samadi, na wakichomoza kichwa wanakatwa. Mimi msemo huo naukataa. Si kwamba unatutukana sisi tuliozoea kujibiwa "mchakato unaendelea". Unautukana uyoga.

Tuanze na hiyo samadi. Uyoga mweupe wa mviringo, ule wa kwenye piza, haumwagiwi mavi mabichi. Yanachukuliwa majani makavu ya ngano, samadi ya farasi au kuku, na jasi. Vinaloweshwa, vinarundikwa, vinageuzwa kila baada ya siku chache, na lundo linachemka lenyewe hadi nyuzi joto 70 na ushee. Kisha linapigwa mvuke, karibu nyuzi 60 kwa saa kadhaa, kuua wadudu. Halafu linaachwa kwenye 48 hivi mpaka amonia iishe. Mkulima anainama, ananusa. Harufu ikimchoma pua, hapandi, maana amonia inaua mbegu, ule utando mweupe unaozaa uyoga. Haya, nitajie bosi aliyewahi kuinusa taarifa yake kabla ya kutumwagia.

Giza nalo ni uzushi. Uyoga huo mwanga hauuhitaji, lakini giza pia haujaliomba. Mbegu ikishatambaa wiki mbili kwa nyuzi 24 au 25, inafunikwa udongo sentimita 4 hadi 5, joto linashushwa hadi kama 18, inapulizwa hewa safi. Kuna mtu analipwa kupima hewa ya uyoga! Sisi tunafungiwa watu thelathini kwenye kikao, feni moja, na ajenda hatuijui.

Ukitaka kuona giza linavyoharibu, chukua uyoga mamama wa kwetu, wa kwenye mifuko ya mabua na pumba. Mfuko ukishakuwa mweupe wote unatobolewa, uyoga unapewa mwanga na hewa. Ukijisahau ukauacha umefungiwa, unaota shina refu na kofia kama kifungo cha shati. Shingo ndefu, kichwa kidogo. Ndiyo sisi hao, tunachungulia mlango wa utumishi kusikia nani anahamishwa.

Labda kwenye kuvuna msemo una ukweli: kichwa kikichomoza tu, kisu. Lakini hata hapo uyoga unashikwa kwa vidole, unazungushwa taratibu, ndipo shina linakatwa. Sisi ya kukatwa kwetu tunayasoma ukutani, Ijumaa saa kumi na nusu, karatasi inaning'inia kwa selotepu moja.