Bolti Inapoingia, Je, Ndiyo Yake?

Mafundi wengi hushikilia kwamba bolti inayoingia kwenye nati na kukaza ni bolti inayofaa, ilhali wanaofuata viwango husisitiza kwamba hesi (mifereji ya mzunguko inayoshikanisha bolti na nati) za mifumo miwili zisichanganywe kamwe. Ubishi huo huwa mkali zaidi kwenye bolti ndogo, kwa sababu huko ndiko vipimo vya milimita na vya inchi hukaribiana hadi vidole vikashindwa kuvitofautisha.

Tuchukue M5 ya kawaida na 10-32 ya mfumo wa inchi. M5 ina unene wa msingi wa milimita 5, na kutoka kilele cha hesi moja hadi cha pili ni milimita 0.8. Bolti ya namba 10 ina unene wa msingi wa milimita 4.83, na kwa kuwa hesi 32 hujaza inchi moja, yaani milimita 25.4, umbali kati ya hesi zake ni milimita 0.794. Pembe ya hesi ni nyuzi 60 kwa zote mbili. Ndiyo maana 10-32 huingia kwenye nati ya M5 kwa vidole vitupu, lakini M5 ikitiwa kwenye nati ya 10-32 hugoma mapema, kwa kuwa imeizidi unene. Aliyejaribu upande mmoja tu ataapa kwamba ni kitu kimoja.

Wanaotetea ubadilishanaji wana ushahidi. Bolti ya Whitworth, mfumo wa zamani wa Uingereza, ya robo inchi yenye hesi 20 kwa inchi ina pembe ya nyuzi 55, na bado hukubaliana na nati ya Kimarekani ya robo inchi yenye idadi hiyo hiyo ya hesi, ingawa pembe ya nati ni nyuzi 60. Kwa kifuniko chepesi kisichobeba mzigo wala kutikisika, sioni sababu ya kumzuia fundi.

Hata hivyo, mkono hupima ulaini wa kuingia tu. Haupimi kina ambacho hesi zimeshikana. Kwa vipimo vya msingi, 10-32 ndani ya nati ya M5 hupoteza takriban moja ya tano ya kina hicho, nayo hulegalega kabla ya kukazwa. Penye mtetemo au mzigo, upungufu huo ni mkubwa mno. Kwa maoni yangu, tofauti ndogo ndiyo ya kuogopwa zaidi: M6 kwenye nati ya robo inchi yenye hesi 20 hukwama mapema na kujifichua yenyewe, ilhali 10-32 kwenye nati ya M5 hukaza na kumridhisha fundi. Na atakayekuja baadaye na M5 halisi hatajua kwa nini nati ilikuwa imelegea.

Hata ile mbinu ya kulaza bolti mbili sambamba ili hesi ziingiliane haisaidii hapa, kwa kuwa baada ya hesi 10 tofauti ni milimita 0.06 tu. Kinachoamua ni unene wa nje. M5 ya ustahimilivu wa kawaida (tofauti ndogo na kipimo cha msingi inayoruhusiwa) haishuki chini ya milimita 4.82, na 10-32 ya kawaida haizidi 4.81, kwa hiyo kalipa nzuri (kifaa cha kupimia unene), ikibanwa juu ya vilele vya hesi zisizolika, huzitofautisha bolti hizo mbili.