Mpelelezi wa teksi

Kuna mwandishi anayedai eti tamthilia ya polisi iliyotengenezwa kwa pesa kidogo haiaminiki, kwa sababu mpelelezi wake anapanda teksi kwenda kuangalia maiti. Mwandishi huyo aje huku kwetu Lubumbashi, Kongo. Wezi walipovunja duka la mjomba wangu, OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) alifika na pikipiki tuliyoilipia sisi, akaandika PV (ripoti ya polisi) kwa biki, hata karatasi tulinunua wenyewe. Ndiyo maana ile ofisi ya kwenye tamthilia, yenye rangi iliyobanduka na meza moja ya watu watatu, niliitambua mara moja. Kinachoniudhi ni sauti tu: jenereta inanguruma mpaka ungamo la muuaji halisikiki! Nyinyi wa Katuba na Kenya (komini, yaani mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), kwenu OPJ amewahi kufika na gari?