Basi Lililoondoka Bila Dereva

Stendi ya Nyegezi, basi la Geita limejaa pomoni, dereva kashuka kunywa supu. Ubavuni kwetu limeegeshwa basi la Shinyanga, karibu kiasi kwamba ukitazama dirishani unapambana uso kwa uso na abiria wao. Mara zile nyuso zikaanza kusogea kuelekea nyuma. Mdogo mdogo.

"Jamani, gari linaondoka!" mama niliyekaa naye siti moja akapiga yowe, ndoo ya dagaa mapajani. "Na mwanangu yuko chini ananunua maji!"

Macho yote mbele. Kiti cha dereva kitupu!

"Hendibreki! Vuta hendibreki!" Kijana mmoja akaruka siti mbili. Mzee wa baraghashia akarukia nje kupitia dirishani, kanzu na vyote. Ndoo ikanimwagikia shingoni, na dagaa akishaingia ndani ya shati, asikudanganye mtu, hatoki kwa kuombwa.

Kumbe gari letu halikusogea hata unyayo. La Shinyanga ndilo lililokuwa linarudi nyuma.

Mwalimu mmoja wa sekondari, ambaye wakati wa kelele alikuwa mvunguni, akajitokeza kutufundisha. "Jicho peke yake halijui nani kasogea. Linaona tu kwamba nafasi kati ya vitu viwili imebadilika. Ubongo ndio unaoamua, na mara nyingi kile kinachojaza macho ndicho unachokihesabu kimetulia. Mjerumani Karl Duncker alilionyesha mwaka 1929: gizani, nukta ya mwanga ndani ya fremu. Fremu ikasogezwa, watu wakaona nukta ndiyo inayotembea."

"Na mwili si ungehisi?" nikauliza, huku nachomoa dagaa kwapani.

"Sikio la ndani hushtuka mwendo ukibadilika ghafla. Ukinyata, halina habari. Siku nyingine tazameni ardhi."

Dereva akarudi, kijiti mdomoni, akamkuta kijana bado kaing'ang'ania hendibreki. "Mnaenda wapi bila mimi?"

Mtoto akapanda na maji yake. Pale ubavuni lilishaingia basi la Kahama. Konda akapiga bodi, na nyuso za dirishani zikaanza tena kurudi nyuma. Safari hii hakuna aliyeshtuka, tumeshaelimika.

"Hilo la Kahama linatoka," mama akasema kwa uzoefu.

Mara dirishani akatokea mzee wa baraghashia, kanzu kaikunja magotini, kandambili mkononi, anagonga bodi na kupiga kelele. Taratibu akaanza kubaki nyuma.

"Msihangaike," mwalimu akasema. "Sisi tumesimama. Mzee ndiye anayerudi nyuma."