Biriani Kabla ya Nikaha

Jamani, kuoza si kazi. Kazi ni picha.

Mtoto wa shangazi kaolewa, tumekula, tumetawanyika, mpiga picha kaleta flashi ina picha 843. Shangazi akaita nusu ya Mwembetanga ije kutazama kwenye TV. Kahawa ipo, kashata ipo, na mimi kwa kosa la kukaa karibu na rimoti nikawa fundi.

Picha ya kwanza, sheikh anakaa. Ya pili, anafungua kitabu. Mashallah. Kisha picha kumi za watu wanakula biriani. Kisha sheikh tena, ndiyo kwanza anamshika mkono bwana harusi.

"Aka! Watu washashiba na ndoa haijafungwa?"

Macho yote kwangu, kama biriani nimepakua mimi.

Kumbe TV haijui kuhesabu. Inasoma jina la faili kama neno la kamusi, tarakimu moja moja. Baada ya 1 inakuja 10, halafu 100 mpaka 109, ndipo 11. Maskini 2 anangoja nyuma ya 199. Dawa yake ni sifuri mbele: 0001, 0002. Kubadili majina kwa mkono, picha moja sekunde ishirini, mara 843, karibu saa tano za kubofya. Mgongo wenyewe huu!

Mpwa wangu akasema, "Mjomba, mistari sita ya Python."

"Chatu?" shangazi akakunja miguu juu ya kochi.

Nikamweleza kuwa si nyoka, ni lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo. Mholanzi Guido van Rossum aliitoa lugha hiyo 1991, na jina kalichukua kwa wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Shangazi hakucheka.

Kijana alitaka kuandika yeye. Nikakataa, niandike mwenyewe. Kiburi, basi. Mistari sita ikanila usiku tatu. Lugha hiyo ukiacha nafasi moja ya ziada mwanzoni mwa mstari, inagoma! Mimi nimeandika daftari la madeni dukani miaka kumi na tano, hakuna mdeni hata mmoja aliyekataa deni kwa sababu jina lake limesogea kulia. (Sababu nyingine wanazo, tele.)

Usiku wa pili ikakubali. Nikafungua folda: faili moja. Nilisahau kuweka namba kwenye jina jipya, picha zote zikapewa jina moja, kila ijayo ikaifuta iliyotangulia. Laptopu ya kijana inaendeshwa na mfumo wa Linux, na huko Python inafuta kimya kimya. Kwenye mfumo wa Windows ingalau ingekataa. Harusi nzima ikabaki picha ya sufuria tupu.

Jasho lilinitoka, wallahi. Mpwa wangu akanywa chai yake taratibu. "Hiyo nakala tu, mjomba. Flashi ninayo mfukoni."

Usiku wa tatu, kufumba na kufumbua, 843 zote zimejipanga. Hata neno la "tayari" haikuandika.

Wageni wakaitwa tena. Sheikh, mkono, nikaha, biriani, machozi, gari. Nikaegemea mto kama waziri. Tulipofika 0412 shangazi akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyu nani kamwalika? Hebu iambie hiyo chatu yako imtoe kote alimo."

Nikamtazama mpwa wangu. Mpwa wangu akatazama kashata.