Jagi la kahawia na jina la kubandikwa

Muuzaji hakuwa na wasiwasi hata chembe. "Hili la Bernard Leach," akaniambia, akimtaja yule marehemu mfinyanzi mashuhuri wa Uingereza, huku ameliinua jagi la kahawia juu kama kombe la mabingwa. Nikalipokea, nikaligeuza. Chini hapakuwa na muhuri, wala herufi, wala mkwaruzo. Nikamuuliza amejuaje. "Tazama rangi," akajibu.

Rangi! Kama rangi ya kahawia ingekuwa saini, nusu ya vyungu vya dunia vingekuwa vya fundi mmoja, na jina lake lingekuwa Chuma. Maana ukahawia huo ni chuma tu. Oksidi ya chuma iliyomo kwenye udongo, au kwenye glezi (ule utando wa kioo unaokifunika chombo), ikikaa jokoni kwenye nyuzi joto 1200 hadi 1300 hutoka rangi ya asali, ya kutu, ya kahawa au nyeusi tititi, kutegemea wingi wake na jinsi hewa ilivyobanwa ndani ya joko. Haina gharama, ipo karibu kila mahali penye udongo, na inahimili moto ambao rangi nyingine nyingi hufa mbele yake. Stonwea ni udongo uliopikwa hadi ukashikana kama jiwe, na kwa chombo cha aina hiyo kahawia ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Kila aliyekuwa na joko aliipita.

Tukapatana bei ya jagi bila jina. Jina nilimwachia.

Nina msimamo juu ya jambo hili na sitauficha: majina mengi yanayobandikwa kwenye stonwea ya kahawia isiyo na chapa ni makisio yaliyovalishwa suti. Ukiandika "mfinyanzi hajulikani" umesema habari kamili, huna haja ya kuona aibu. Lakini watu huyaogopa maneno hayo mawili kama vile yanapasua chombo. Chema chajiuza, wazee walisema. Jagi zuri lisingehitaji kutembezwa na marehemu.

Nasema haya nikiwa na dhambi zangu. Shangazi yangu aliwahi kunionyesha bakuli la kahawia lenye ukingo uliomwagikiwa glezi nyeupe kama povu la maziwa. Sikupumua hata mara mbili. Nikamwambia hii ni Hull, kiwanda cha Crooksville, jimbo la Ohio, Marekani, kilichoanza kutoa vyombo vya namna hii mwaka 1960 kwa jina la Mirror Brown. Nikaongeza na mhadhara kidogo. Siku chache baadaye akanipigia simu. Alikuwa ameosha vikombe vya seti ileile, na chini ya kimoja pameandikwa Pfaltzgraff, kiwanda kingine kabisa, cha York, Pennsylvania. "Mwanangu," akaniambia akicheka, "hukuvigeuza vyote."

Kweli sikuvigeuza. Na hilo ndilo kosa la kwanza la wengi wetu: seti nzima inaweza kuwa na chapa kwenye vipande vitatu tu, na wewe ukang'ang'ania cha nne. Kosa la pili ni kusahau kwamba viwanda vilitazamana kama majirani wanaochunguliana jikoni. Pfaltzgraff ilikuwa na vyombo vya kahawia vyenye povu, McCoy ya Roseville ilikuwa navyo, na Roseville yenyewe ni jirani ya Crooksville, kwenye ukanda uleule wa udongo wa Ohio. Kitu kikiuzika, mwenzio anakitoa msimu unaofuata. Kwa hiyo mtu anayekuletea kikombe cha kahawia chenye povu na kukuambia "bila shaka ni Hull" amekuambia tu kwamba Hull ndilo jina analolijua.

Watu huuliza kwa nini fundi aache kazi yake bila jina. Sababu ni nyingi na nyingine hazina mvuto wowote. Lebo ilikuwa ya karatasi, ikaoshwa siku ya kwanza. Kilikuwa kipande chenye kasoro, kikauzwa kimyakimya mlangoni. Muhuri uligongwa, kisha glezi nzito ikaujaza mpaka ukafanana na kovu la ndui. Huu wa mwisho ndio unaonifanya nibebe tochi. Laza mwanga ubavuni mwa kitako, usimulike kutoka juu, na mara nyingine herufi zinajitokeza kwa kivuli chake. Au weka karatasi nyembamba na usugue kwa penseli. Nimeshapata herufi mbili namna hiyo kwenye kikombe ambacho watu watatu walikuwa wamenihakikishia hakina kitu.

Kuna pia walioacha kwa makusudi. Hamada Shoji, Mjapani aliyekwenda na Leach kuanzisha karakana ya St Ives, Uingereza, mwaka 1920, aliporudi kwao na kuweka makazi Mashiko aliacha kutia alama kwenye vyungu vyake. Saini iliwekwa kwenye sanduku la mbao la kubebea chombo. Sasa fikiria sanduku limepotea. Unabaki na bakuli la kahawia lisilosema lolote, na foleni ya watu walio tayari kulisemea.

Hivyo kwanza natazama kitako, na jina litakuja likija. Juu ya chombo ndipo fundi alipotaka utazame. Chini hakujipamba kwa ajili yako. Pale pasipo glezi unauona udongo wenyewe: wa kijivu, wa maziwa, wa njano, mwekundu kama matofali, wenye chembe za chuma au laini kama unga. Gusisha kidole chenye maji. Stonwea iliyoiva haiyanywi maji yale haraka. Ikiyafyonza kama karatasi, unashika udongo wa moto mdogo, na nusu ya majina uliyokuwa nayo kichwani yanaanguka hapohapo. Kisha tafuta alama ya waya. Chombo kilichokatwa gurudumu likiwa bado linazunguka hubaki na mistari iliyojikunja kama ganda la konokono. Kilichokatwa gurudumu limesimama huwa na mistari iliyolala sambamba. Kama kuna mshono mwembamba unaopanda ubavuni, hapo kimetoka kwenye kalibu, na unatafuta kiwanda, humtafuti mtu. Usikimbilie mapambo. Mapambo ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kuiga.

Mkono wa jagi nao ni mwaminifu. Uliovutwa kutoka kwenye bonge la udongo huwa mnene pale unapoanzia na hupungua ukishuka, na pale chini unaposhikizwa fundi hubonyeza kwa kidole gumba kwa namna yake, mmoja mara moja, mwingine mara tatu, mwingine anafuta kabisa. Fundi akitengeneza mikono elfu, kibonyezo kile kinakuwa kama mwandiko. Ukikilinganisha na kibonyezo cha jagi lenye muhuri, hapo una jambo la kusema. Ukilinganisha rangi na rangi, huna.

Vyombo vya zamani zaidi vina lugha yao. Ngozi yenye vinundu kama ganda la chungwa ni glezi ya chumvi: chumvi ilitupwa jokoni moto ukiwa umefika kilele, mvuke wa sodiamu ukashikana na silika, yaani madini ya kioo, iliyomo kwenye udongo. Wajerumani wa bonde la Rhine ndio walioikuza, na John Dwight wa Fulham akapata hataza ya stonwea Uingereza mwaka 1672. Ukikuta mtungi wa Marekani wenye ngozi hiyo nje, na ndani kahawia ya chokoleti iliyotulia, ile ya ndani huenda ni uji wa udongo wa Albany, New York, ambao ukichomwa huyeyuka wenyewe ukawa glezi. Ulisafirishwa kwa wafinyanzi wa majimbo mengi. Hivyo unakuambia karne na bara. Hautamki karakana.

Na tafadhali, tuache ile hesabu ya kwamba chombo kisicho na jina la nchi ni cha kabla ya 1891. Ni kweli sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa za kigeni zitaje nchi zinakotoka, nayo ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Lakini jagi ambalo halikuvuka bahari halikuhusika na sheria hiyo, na lililovuka likiwa na lebo ya karatasi limekwisha kuoga mara elfu. Nimeona vikombe vya miaka ya 1970 vikipewa umri wa mababu kwa hoja hiyo moja.

Wengine hukimbilia maabara. Kwa vyombo vya kale sawa: kemia ya udongo inaweza kulinganishwa na vigae vilivyofukuliwa kwenye jalala la joko fulani, na jibu likasimama. Mfinyanzi hulia gaeni, na anayemtafuta naye hana budi kulia gaeni, kwa sababu vile vilivyopasuka na kutupwa kando ya joko havikuhama. Hata Edgefield, South Carolina, ambako Dave, mfinyanzi mtumwa, alichora jina lake na mistari ya mashairi kwenye mitungi mikubwa kati ya 1834 na 1864, kazi nyingi hazina jina lolote, nyingine huenda ni zake mwenyewe. Jimbo hilo lilipiga marufuku watumwa kufundishwa kusoma au kuandika mwaka huohuo wa 1834. Hapo vigae vinasaidia. Lakini kikombe cha karakana ndogo ya miaka 50 iliyopita? Fundi alinunua udongo wa mfuko dukani, uleule walionunua mamia ya wenzake, na glezi aliitoa kwenye kanuni iliyofundishwa madarasani. Mashine itakupa jibu sahihi la swali ambalo hukuuliza: nani aliuza udongo.

Muhuri wenyewe si wa kuaminiwa hivihivi. Miaka ya 1990 jina la McCoy liligongwa kwenye vyombo vipya ambavyo kiwanda kile, kilichokuwa kimeshafungwa, hakikuvigusa. Na wapo wanaochora herufi leo kwenye chungu cha juzi. Hao kuwakamata si kazi, kwa maana udongo huwahiwa ungali maji: herufi iliyochorwa mapema ina kingo zilizoinuka na laini, na kama kuna glezi imetiririka ndani yake. Iliyochongwa baada ya moto ina kingo kali zilizomeguka, nyeupe kama meno.

Kinachonikera kuliko hao ni mzunguko wa picha. Mmoja anakisia, anaandika "nadhani". Wa pili ananakili picha na kuiacha "nadhani" nyuma. Wa tatu anamtaja wa pili kama ushahidi. Mwaka haujaisha, jagi lina nasaba ndefu kuliko ya mfalme, yote imetokana na mtu mmoja aliyekuwa anajisemea.

Jagi langu lipo rafuni. Udongo wa kijivu wenye chembe, waya ulipita gurudumu likizunguka, mkono umevutwa na kubonyezwa mara moja. Ndani, mistari ya vidole inaonyesha gurudumu lililozunguka kinyume cha saa, kama desturi ya Ulaya na Marekani ilivyo, tofauti na ya Wajapani. Karibu na kitako kuna madoa matatu yasiyo na glezi, na moja upande wa pili: hapo ndipo lilipokamatwa likichovywa. Niliweka vidole vyangu juu yake usiku ule nilipolileta. Havikuenea, vyangu ni vinene. Nikachukua kikaratasi nikaandika: "Jagi, stonwea, glezi ya chuma, la gurudumu. Mfinyanzi hajulikani. Ana mkono mdogo."