Hela unayompa mteja ni punguzo, siyo tangazo

Nafanya vitabu vya wauzaji wa jumla hapa Arusha, miaka kadhaa sasa, mingi nimeimalizia mtaani Unga Limited kwenye kiofisi kilicho juu ya stoo inayonuka sabuni, na kitu kinachonichosha kuliko vyote ni mstari mmoja tu: "Matangazo na promosheni". Ukiufungua unakuta matangazo ya kweli ni fulana na gari la spika, zilizobaki zote ni hela walizopewa wateja.

Chukua mama mmoja wa Kilombero, hapa hapa Arusha, mwenye duka la jumla. Januari bosi wangu wa kipindi hicho alimpa milioni 3 "za kutengenezea rafu", kwa makubaliano kwamba ndani ya mwaka atachukua mzigo usiopungua milioni 60. Nilienda kuziona hizo rafu kwa macho yangu. Mbao nne, mbili zimebeba sabuni yetu, ya tatu sabuni ya mshindani, ya nne kalala paka.

Narudi ofisini nataka kuingiza, bosi kasimama nyuma yangu: "Weka matangazo chalii wangu, mauzo usiyaguse, benki wanaangalia mauzo."

Sasa jiulize sisi tulipata nini hapo. Rafu ni za yule mama, ziko dukani kwake, akitaka kesho anapanga mchele. IFRS 15, standadi ya kimataifa ya uhasibu wa mapato ambayo imeanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, inauliza swali hilo hilo: huyo mteja uliyempa hela, amekupa bidhaa au huduma inayojitegemea? Kama hajakupa, hiyo ni punguzo la bei, inakatwa kwenye mauzo. Milioni 3 kwa milioni 60 ni asilimia 5, kwa hiyo inakaa kwanza kwenye malipo ya awali alafu inakatwa kidogo kidogo kila anapochukua mzigo, Januari alichukua wa milioni 8 basi mauzo yetu kwake ni milioni 7.6, hata kama invoisi inasoma 8 (VAT naiacha pembeni, ina sheria zake). Na wala sijabuni, mfano unaoambatana na standadi yenyewe ni duka kubwa lililopewa dola milioni 1.5 kwa ajili ya kubadilisha rafu na likaahidi kununua mzigo wa dola milioni 15, kila mauzo yanakatwa asilimia 10. Yaani rafu! Utadhani waliwahi kupita Kilombero.

Kuna wakati mteja anakupa kitu kweli. Mwingine tulikuwa tunamkodi Fuso yake itupelekee mzigo wa watu wengine Karatu, hiyo ni huduma halali, ni gharama ya usafiri. Ila tulimlipa laki 9 wakati Fuso yoyote ya pale stendi ya malori ingeenda kwa laki 5. Laki 5 usafiri, laki 4 inakatwa kwenye mauzo yetu kwake, maana ile nyongeza ilikuwa ya kumshika asihame. Na kama huwezi hata kukadiria thamani ya alichokupa, unakata yote.

Wenzangu wananiambia faida ya mwisho si ile ile, unahangaika nini. Mwisho wa mwaka mara nyingi ni ile ile kweli. Lakini kwetu masela wa mauzo walikuwa wanalipwa kamisheni kwa mauzo ghafi, yaani kabla ya kukata punguzo, sasa mtu analipwa kwa kugawa hela ya kampuni, kadiri anavyogawa ndivyo mauzo yanavyopanda na kamisheni inapanda, alafu bosi anashangaa hela iko wapi. Mauzo yangekatwa mapema angeona kuna wateja anawauzia karibu na bei ya kununulia.

Alafu ile ya "IFRS 15 ni ya makampuni makubwa" naomba tuiache. IFRS ya biashara ndogo na za kati toka zamani inasema mauzo ni baada ya kutoa punguzo, na toleo lake jipya la Februari 2025, la kuanza kutumika 2027, sehemu ya mapato imejengwa juu ya IFRS 15 hiyo hiyo.

Kinachowapita wengi zaidi ni muda. Unakata pale linapotokea la mwisho kati ya mawili, kuandika mauzo au kulipa, na kuahidi kunahesabika kama kulipa, hata ahadi yenyewe isitamkwe, ikiwa ndiyo mazoea yenu inatosha. Oktoba moja nilipita tena kwa yule mama kusaini salio la deni. Shikamoo, marahaba, alafu akaniuliza: "Mwanangu, ile asilimia mbili yetu ya Krismasi si ipo? Maana mimi nauli ya Rombo nimeshaipigia hesabu humo." Bosi alikuwa hajatangaza chochote mwaka ule, ila alikuwa ameitoa Desemba tatu mfululizo, bila kuruka. Nikamwambia mama, hilo muulize bosi. Nikarudi Unga Limited, nikafungua Excel, nikaikata asilimia mbili kwenye mauzo ya wateja wote wa jumla toka Januari.